Gesi ya leba: namna ya kuivuta ikufae

Gesi ya Entonox, inayotumika sana katika leba za Uingereza, ni nusu oksijeni na nusu naitrasi oksaidi. Wakunga wa huko huiita "gas and air", ingawa hewa ya kawaida haimo kabisa. Jina limebaki tangu mashine ya daktari Robert Minnitt ya miaka ya 1930, ambayo kweli ilichanganya gesi na hewa. Usitarajie imalize maumivu. Inayapunguza makali, basi, na hilo nalo linategemea unaanza kuivuta saa ngapi.

Ukishaivuta, huchukua kama nusu dakika kuanza kufanya kazi, na nguvu yake hukolea karibu na sekunde ya 50. Uchungu mmoja, ukishapamba moto, hudumu takriban dakika moja. Ukingoja maumivu yaanze ndipo uvute, gesi itakukolea uchungu ukiwa umeshaachia: kizunguzungu utakipata, nafuu hutaipata. Kwa hiyo anza mara tu tumbo linapoanza kukaza. Ukiwa unachelewa kuhisi, anayekusindikiza aweke kiganja upande wa juu wa tumbo. Mara nyingi atahisi linagangamaa kabla maumivu hayajakufika, naye akwambie uvute. Uchungu ukija kwa vipindi vinavyolingana, atazame saa na kukuanzisha sekunde 30 mapema.

Bana kipande cha mdomoni kwa midomo yote, au ukitumia barakoa, ishike ikae sawasawa puani na mdomoni. Vuta polepole na kwa kina, kisha toa pumzi humohumo kwenye mpira unaoleta gesi. Vali hufunguka kwa nguvu ya pumzi yako tu, na utaisikia ikilia. Ikiwa kimya, kuna upenyo midomoni, au mtungi umefungwa au umekwisha. Usihemehe haraka haraka: vidole vitakufa ganzi na kichwa kitazunguka, si kwa sababu ya gesi bali ya kuhema. Uchungu ukianza kulegea, weka chini, upumue hewa ya kawaida. Ndani ya dakika chache gesi huwa imeshatoka mwilini.

Mpira ushike mwenyewe. Mume, dada, hata mama mzazi asikushikilie kwa huruma. Ukilewa kupita kiasi mkono unalegea, mpira unaanguka, gesi inakatika. Hiyo ndiyo kinga yako, na mkono wa mtu mwingine unaiondoa.

Kichefuchefu, usingizi na kinywa kukauka ni kawaida. Kunywa maji kidogo kidogo. Midomo ikikauka, usipake vaselini wala mafuta yoyote, kwa kuwa mafuta na oksijeni yenye shinikizo huweza kuwaka moto. Ukiwa umechomwa sindano ya pethidini, dawa kali ya kutuliza maumivu, usingizi utazidi, na mkunga atakuangalia kwa karibu. Mtoto haathiriki kwa muda mrefu. Naye huitoa kwa kupumua. Kunyonyesha hakuna tatizo.

Mwambie mkunga mapema kama pafu limewahi kupasuka na kuvujisha hewa kifuani, kama umefanyiwa upasuaji wa jicho uliowekewa gesi ndani, kama utumbo umeziba, au kama una upungufu wa vitamini B12. Naitrasi oksaidi hutanua hewa iliyonaswa mwilini na huvuruga kazi ya vitamini hiyo.

Anayezalia nyumbani wakati wa baridi aujue ubaya wa mtungi uliolala garini. Chini ya nyuzi 6 hivi za Selsiasi chini ya sifuri, gesi hizi mbili hutengana. Mtungi utatoa kwanza oksijeni nyingi isiyotuliza kitu, halafu naitrasi oksaidi karibu tupu, ambayo humnyima mama na mtoto oksijeni. Mtungi ukae mahali penye zaidi ya nyuzi 10 kwa saa 24 kabla ya kutumika. Saa hizo zikikosekana, mtungi mdogo uwekwe kwenye joto hilo kwa angalau saa mbili, kisha mkunga aupindue juu chini mara tatu. Dirisha nalo lifunguliwe kidogo, kwani mkunga anavuta hewa ya chumba hichohicho.