Kibodi ya skrini inapogoma: tafuta chanzo kabla ya kufuta chochote

Alinijia mama mmoja mwenye duka la vipodozi, simu yake ikiwa haitoi kibodi hata akigusa mara kumi kwenye nafasi ya kuandikia ujumbe. Fundi aliyemwendea kwanza alikuwa amemwambia kwamba dawa ni moja tu, kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, naye alikuwa amekwisha kujiandaa kupoteza picha za bidhaa zake pamoja na orodha ya wadeni. Nilimwomba kwanza aniambie ni vifaa gani vimeunganishwa na simu ile kwa bluetooth. "Hakuna, mwanangu," akasema, "labda hiki kimashine cha kusomea bei."

Chanzo kilikuwa hicho hicho. Kimashine cha kusoma msimbopau hujitambulisha kwa simu kana kwamba ni kibodi halisi, ile ya vitufe vya kubonyeza, kwa kuwa kazi yake ni kuingiza tarakimu mahali ambapo mtu angeziandika kwa mkono. Simu ikishaamini kwamba mtumiaji ana kibodi halisi, huificha ile ya skrini. Tulizima bluetooth, kibodi ikatokea papo hapo. Kisha tukaingia kwenye mipangilio, katika sehemu ya lugha na uingizaji wa maandishi, tukafungua kipengele cha kibodi halisi na kuwasha swichi inayoiruhusu kibodi ya skrini iendelee kuonekana hata kifaa kingine kinapokuwa kimeunganishwa. Bluetooth ikawashwa tena, na vyote viwili vikafanya kazi pamoja.

Ninakieleza kisa hiki kwa sababu makosa mengi ya kibodi ya skrini yako hivyo: chanzo ni kidogo na mara nyingi kiko nje ya kibodi yenyewe, lakini tiba inayotolewa ni kubwa na haina njia ya kurudi nyuma. Hatua zinazofuata nimezipanga kuanzia zile zisizofuta kitu.

Kioo au programu?

Swali la kwanza ni kama tatizo liko kwenye kioo au kwenye programu, na jibu lake hupatikana bila kifaa chochote. Chukua mfano wa simu ambayo herufi P haikubali kuguswa. Fungua ujumbe mtupu, ruhusu skrini izunguke, kisha ilaze simu ubavu ili kibodi ijitandaze upya. Herufi P sasa imehamia sehemu nyingine ya kioo. Ikiwa inakubali kuguswa, na badala yake herufi nyingine au kitu kingine kilichoangukia pale P ilipokuwa ndicho kilichokufa, kioo ndicho kibovu na hakuna mpangilio utakaokiponya. Ikiwa ni P ile ile inayogoma popote inapokwenda, rudi kwenye programu.

Anayetaka uhakika zaidi kwenye simu ya Android anaweza kuwasha mipangilio ya wasanidi programu kwa kugusa namba ya toleo la mfumo mara 7, kisha kuchagua kipengele kinachoonyesha mahali kidole kinapogusa. Pitisha kidole polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na uangalie mstari unaochorwa. Ukikatika kila mara mahali pale pale, hapo kioo hakisikii. Ukimaliza, zima kipengele hicho, maana michoro yake hubaki juu ya kila kitu.

Kuna dalili moja inayowatisha watu bure: kibodi kujiandika yenyewe, herufi zikimwagika bila mtu kugusa. Wapo wanaodhani simu imeingiliwa. Kabla ya kufikia huko, chomoa chaja. Chaja duni isiyochuja umeme vizuri huweza kuvuruga hisia za kioo, na mguso wa uongo hukoma mara waya unapotolewa. Unyevu kwenye kioo na protekta iliyoinuka pembeni huleta dalili zinazofanana na hizo.

Kibodi inayofungika au kuwa nzito kwenye Android

Ikishathibitika kwamba kioo ni kizima, zima simu na uiwashe tena. Ushauri huu hudharauliwa kwa kuwa umezoeleka, lakini kibodi ni programu inayofanya kazi muda wote nyuma ya nyingine, na kumbukumbu ya simu ikijaa huwa miongoni mwa zinazodhurika. Angalia pia nafasi ya kuhifadhi, kwani simu iliyojaa picha na video hadi ukingoni hufanya kila programu isuesue.

Hatua inayofuata ni kuingia kwenye orodha ya programu, kuichagua kibodi unayotumia, kuilazimisha isimame, kisha kufuta akiba yake. Hapa ninaomba umakini. Katika ukurasa ule ule kuna kufuta akiba na kuna kufuta data, na mambo haya mawili hayafanani. Akiba ni mafaili ya muda ambayo kibodi itayatengeneza upya. Data ni yote iliyojifunza kutoka kwako: majina ya watu wako, maneno uliyoyaongeza, lugha ulizochagua na mpangilio wa vitufe. Futa akiba bila wasiwasi. Data ifutwe baada ya njia nyingine zote kushindwa, na kabla ya hapo ingia kwenye kamusi binafsi ya kibodi uyapige picha maneno unayoyahitaji.

Ikiwa kibodi ilianza kujifunga baada ya sasisho, tazama kwenye Play Store kama kuna sasisho jipya zaidi. Hapo watu hukwama: utatafutaje programu dukani ilhali huwezi kuandika? Tumia utafutaji wa sauti, au fungua Play Store kwenye kompyuta kwa akaunti ile ile ya simu na uiagize programu isakinishwe kutoka huko. Itashuka kwenye simu yenyewe. Kibodi ya USB iliyochomekwa kwa waya wa OTG, ule wa kuunganisha vifaa vya USB na simu, nayo hutosha kwa dharura.

Wakati mwingine kibodi haijaharibika bali imebadilishwa umbo bila mtumiaji kujua. Gboard, yaani kibodi ya Google, ina umbo la kuelea, ambapo kibodi ndogo huzurura katikati ya skrini, na umbo la mkono mmoja, ambapo husogea upande mmoja. La kwanza huondolewa kwa kushika mpini ulio chini yake na kuivuta hadi mwisho wa skrini. La pili kwa kugusa alama ya kuitanua iliyo pembeni. Vivyo hivyo, kutopata mapendekezo ya maneno kwenye nafasi ya nywila si hitilafu, na baadhi ya programu za benki huchora vitufe vyao wenyewe na kuzichanganya tarakimu kwa makusudi.

Neno kuhusu kibodi za nje, yaani programu za kibodi ambazo hazikuja na simu, kama zile za mapambo na rangi. Unapowasha kibodi mpya, Android hukuonya kwamba inaweza kukusanya maandishi yote utakayoandika, yakiwamo nywila na namba za kadi. Onyo hilo lisomwe kama lilivyo. Kibodi huona kila herufi, ikiwamo namba ya siri ya pesa za simu, kwa hiyo isiyojulikana mtengenezaji wake haistahili kuaminiwa hata kama ni nzuri machoni. Usiizime pia kibodi iliyokuja na simu: baadhi ya kibodi za nje haziwezi kufanya kazi kabla simu haijafunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya kuwashwa, na mwenye nywila ya herufi anaweza kujikuta nje ya simu yake.

Kibodi inayosahihisha Kiswahili kisicho na kosa

Tatizo hili ndilo ninaloletewa mara nyingi kuliko yote, na linaniuma, kwa sababu wengi wameishalizoea wakadhani ndiyo hali ya simu. Mtu anaandika "wewe", kibodi inaweka neno la Kiingereza linalofanana nalo. Anaandika "ni", inageuzwa "no", na sentensi iliyokuwa ikikubali sasa inakataa. Kibodi hufanya hivyo kwa kuwa inalinganisha kila neno na kamusi ya lugha iliyowashwa, na simu nyingi huuzwa kamusi ya Kiingereza ikiwa peke yake.

Tiba si kuzima usahihishaji moja kwa moja. Ingia kwenye mipangilio ya Gboard, fungua lugha, ongeza Kiswahili, kisha ruhusu uandikaji wa lugha zaidi ya moja kwa pamoja ili kamusi zote mbili zitumike bila wewe kubadili chochote. Hii inamfaa sana anayechanganya lugha katika ujumbe mmoja. Baada ya hapo tumia siku chache uone. Kama bado inakukera, zima usahihishaji wa kiotomatiki lakini uyaache mapendekezo, ili kibodi ishauri bila kuamua.

Huenda kibodi imejifunza makosa kutoka kwako, ikawa inapendekeza neno lililokosewa tahajia kila siku. Likitokea kwenye mstari wa mapendekezo, libonyeze kwa muda na uliburute hadi kwenye alama ya pipa la taka. Kwenye iPhone, kamusi ya kibodi huwekwa upya yote kwa pamoja katika sehemu ya jumla ya mipangilio, mahali pa kuweka upya. Hapo angalia usije ukachagua kufuta maudhui yote, kwani viko jirani.

Tusiisahau ng'. Alama ya ritifaa ndani ya ng'ombe na ng'ambo si pambo, kwani "ng'oa" bila ritifaa halisomeki kama linavyotamkwa. Kwenye Gboard, bonyeza kitufe cha nukta kwa muda, ritifaa itakuwa miongoni mwa alama zinazojitokeza. Kuna hitilafu isiyoonekana kwa haraka: baadhi ya kibodi, hasa za iPhone zenye alama za uandishi za kujirekebisha, hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na unapotafuta "ng'ombe" kwenye waraka mrefu unaweza kuambiwa halipo. Anayeandika nyaraka za kazi na azime urekebishaji huo kwenye mipangilio ya kibodi.

Kwenye Windows

Windows ina kibodi mbili za skrini, na ushauri wa moja hautibu nyingine. Ya kwanza ni ya ufikivu, yaani ya kuwasaidia wasioweza kutumia kibodi ya kawaida, inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na O kwa pamoja, au kwa kuandika osk katika kisanduku cha kuendeshea programu. Hutumika kwa kipanya kwenye kompyuta yoyote. Ya pili ni ya mguso, kwa ajili ya tableti na kompyuta zenye kioo cha kugusa.

Ile ya ufikivu ikijiandika yenyewe kila kishale kinapopita juu ya herufi, imewekwa katika hali ya kuelea, ambapo kutulia juu ya kitufe huhesabiwa kuwa ni kubonyeza. Fungua chaguo zake chini kulia, uchague kubofya vitufe. Ikiwa mwanga unatembea wenyewe mstari hadi mstari, hiyo ni hali ya kupekua, iliyowekwa kwa wasioweza kutumia kipanya, na hubadilishwa pale pale. Tarakimu za pembeni nazo huwashwa humo. Ikifunguka kila kompyuta inapowaka, izime kwenye mipangilio ya ufikivu.

Nywila ikikataliwa ilhali una uhakika nayo, tazama herufi zilizoandikwa kwenye vitufe vya skrini. Kibodi hii huonyesha mpangilio unaotumika kwa wakati huo, na katika mpangilio wa Uingereza alama ya @ na ya kunukuu zimebadilishana nafasi zikilinganishwa na ule wa Marekani. Kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi hubadili mpangilio.

Ikiwa kila unachoandika kinageuka kuwa amri, madirisha yakifunguka na kufungwa ovyo, acha mikono mbali na kibodi halisi na uangalie ile ya skrini. Vitufe vinavyobonyezwa kwenye kibodi halisi huwaka pia kwenye ya skrini, kwa hiyo Ctrl iliyonata kwa sababu ya chai iliyomwagika itaonekana ikiwaka bila kuguswa. Bonyeza kitufe hicho mara kadhaa kijiachie. Kikigoma, izime kompyuta ili kisafishwe. Na kama kinachokuzuia ni skrini ya kuingilia tu, gusa alama ya ufikivu iliyo chini kulia, uchague kibodi ya skrini na uandike nywila kwa kipanya.