Wawili Barabarani: Kutoka Mount Rushmore hadi Yellowstone kwa Gari la Makazi

Kabla ya kuondoka, pimeni kimo na upana wa gari la makazi, yaani lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, kisha mbandike vipimo hivyo mbele ya dereva. Karibu na Mount Rushmore, ambako nyuso za marais wanne wa Marekani zilichongwa mwambani kati ya 1927 na 1941, barabara ya Needles hupita katika handaki lenye upana wa takriban futi 8 tu; gari kubwa lichukue njia nyingine.

Mkielekea magharibi, msiipite Devils Tower, mnara wa mwamba uliotangazwa mwaka 1906 kuwa eneo la kwanza la kumbukumbu ya kitaifa la Marekani. Fikeni asubuhi, mwanga unapoonyesha vizuri mifereji yake ya wima.

Yellowstone, hifadhi tangu 1872, inastahili siku nyingi kuliko kwingine kote. Wekeni nafasi ya kambi mapema. Kambi ya Fishing Bridge, ndani ya hifadhi hiyo, hairuhusu mahema kwa sababu ya dubu. Mmoja aendeshe, mwingine asome ramani, mkibadilishana kabla ya kuchoka. Maji machafu yamwagwe kwenye vituo maalumu pekee.