Mzee akianza kukaa kimya baada ya mavuno mabaya

Nyie wenye wazee wanaolima huko Mbozi, Songea, Sumbawanga, hili niseme tu. Mkulima akielemewa hasemi ana stresi, utasikia mgongo unauma, usingizi hana, saa tisa usiku yuko nje anazunguka zizi, na shamba majani yamefika kiunoni wala hajali. Usimkalishe kama kikao cha ukoo, hatafunguka. Mfuate mnapopukuchua mahindi, mikono iko bize, macho kwenye gunzi, ndo uulize taratibu deni la mbolea limebaki shilingi ngapi, mliandike kwenye daftari, maana deni la kichwani linakua usiku.

Halafu kubwa kuliko yote, zile chupa za dawa ya wadudu za uvunguni zitoeni, fungieni stoo na ufunguo akae nao mtu mwingine, au wekeni kwa jirani, maana ile saa mbaya ya kutaka kujiua mara nyingi hupita kama hakuna kitu cha kujidhuru karibu. Akisema bora nife, muulize wazi kama anawaza kujiua (kuuliza hakumpi wazo), msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ndo siku ya kupalilia.