SOMO: Saizi ya tairi za winta kwa gari ya 4x4, soma kabla hujatoa hela

Habari zenu wakuu. Baridi ikikaribia maswali yanakuwa yaleyale, nifunge saizi gani, nipande au nishuke, nikifunga mbili tu inatosha? Nimeamua niandike mara moja ninachokijua. Kwanza hili liingie vizuri: 4x4 inakusaidia kuondoka na kupanda mlima, kwenye kusimama haikusaidii kitu. Ukikanyaga breki juu ya barafu, gari yako na ile ya jirani inayovuta mbele tu zote zinafunga breki magurudumu manne, tena yako mara nyingi ndio nzito zaidi. Kinachokusimamisha ni tairi.

Hatua ya 1: Soma kibandiko, usisome tairi iliyopo

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya bodi, kuna kibandiko kina saizi na upepo wake. Kama gari umeinunua used usiamini saizi uliyoikuta imefungwa, mwenye gari wa kwanza anaweza kuwa alibadilisha kwa ajili ya muonekano tu. Angalia na kitabu cha gari, mara nyingi kina saizi zaidi ya moja iliyoruhusiwa, na hapo ndipo utapata ya winta.

Tuchukue 225/65R17 102H. 225 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya huo upana inayokwenda kwenye ukuta wa tairi, R ni radial, 17 ni rimu kwa inchi. 102 ni uzito, yaani kilo 850 kwa tairi moja, na H ni mwendo, mwisho 210 kwa saa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kimo

225 mara 0.65 ni 146.25. Ukuta uko juu na chini kwa hiyo mara mbili, 292.5. Rimu 17 mara 25.4 ni 431.8. Jumlisha, tairi nzima ina kimo cha milimita 724.3. Sasa fanya hivyohivyo kwa 215/70R16, unapata 707.4. Tofauti ni kama asilimia 2.3, na RAV4 za kizazi cha tatu zilitoka kiwandani na saizi zote hizo mbili, kwa hiyo hapo hakuna wasiwasi. Mafundi wengi wanakwambia usivuke asilimia 3, mimi napenda ibaki ndani ya 2 kama saizi yenyewe haipo kwenye kitabu.

Na ukikosea, bora ukosee kwa kushuka. Tairi ikiwa ndogo dashibodi inasoma 100 wakati kiukweli uko 98 hivi. Ikiwa kubwa, mfano 235/65R17, dashibodi inasoma 100 na wewe uko karibu 102, halafu unashangaa kamera imekupiga picha.

Hatua ya 3: Upana, shuka hatua moja

Watu wengi wa 4x4 wanataka tairi pana, inapendeza kweli, lakini kwenye theluji ya barabarani iliyochanganyika na maji tairi pana inaelea juu yake. Nyembamba inakandamiza, inakata mpaka iguse lami. Kwa hiyo 215 badala ya 225, au 225 badala ya 235, ilimradi mtengenezaji ameiruhusu na namba ya uzito haishuki chini ya ile ya kwenye kibandiko. Herufi ya mwendo kwenye tairi za winta nchi nyingi zinaruhusu ishuke, ya uzito hapana.

Hatua ya 4: Zote nne ziwe sawa, hapa naomba mnisikilize

Mimi yalinikuta. Tairi za mbele ziliisha, fundi akaniambia funga mbili mpya za nyuma bado zina maisha, nikakubali maana hela ilikuwa imebana. Baada ya wiki kadhaa nakata kona kali kwenye maegesho, lami kavu kabisa, gari inashtukashtuka kama kuna mtu kashika handibreki. Kuja kufungua mafuta ya transfa (boksi linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma) yametoka meusi yananuka kuungua.

Sababu ni hii. Tairi mpya ilikuwa na kashata (vile vinundu vya mpira vinavyogusa barabara) za milimita 8, ya zamani imebaki na 4. Unaona ni milimita nne tu, lakini kwenye mzunguko mzima wa tairi inakuwa karibu milimita 25, na hiyo maana yake kila kilomita moja tairi za nyuma zinazunguka kama mara tano zaidi ya za mbele. Hiyo tofauti lazima imezwe na kitu, na kwenye 4x4 ya muda wote inamezwa na difu ya kati au kapulingi, yaani kifaa kinachounganisha ekseli ya mbele na ya nyuma. Subaru wao wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, yaani milimita 6.4. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungushia kila tairi katikati ya kashata, andika namba nne. Dakika kumi tu.

Hatua ya 5: Rimu

Ukishuka rimu hakikisha inapita kwenye kalipa ya breki, idadi ya nati na nafasi zake zilingane, tundu la katikati likae, na ile namba ya ET (inaonyesha rimu inakaa ndani au nje kiasi gani) isitofautiane sana na ya kiwandani. Ukishafunga, kaza nati tena baada ya kilomita 50 mpaka 100.

MASWALI

Mkuu, yangu imekuja na rimu 18, nikishuka 16 itaingia?
Inategemea breki. Funga rimu moja tupu mbele, zungusha kwa mkono, halafu geuza usukani mwisho huku na mwisho huku. Ikigusa popote, panda 17.

Tairi yangu imeandikwa M+S, si ndio ya winta?
Hapana ndugu yangu. M+S mtengenezaji anaiandika mwenyewe bila kulazimika kupita jaribio lolote la theluji. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake, hiyo imepimwa. Ujerumani tangu Oktoba 2024 M+S peke yake haihesabiki tena kama tairi ya winta.

Mbona Iceland wanafunga matairi mapana kama ya trekta?
Wale wanapita juu ya theluji laini yenye kina na wanapunguza upepo mpaka tairi inalala, lengo lao ni kuelea. Wewe unapita barabarani.

Nimepata used zina kashata nzuri, nichukue?
Angalia namba nne za mwisho za DOT, ile kodi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, 3519 maana yake wiki ya 35 mwaka 2019. Mpira wa winta ukizeeka unakuwa mgumu hata kashata zikiwepo. Bonyeza kwa ukucha, kama haubonyei achana nazo. Na chini ya milimita 4 usichukue kwa ajili ya theluji.

Dada mwenye 4x4 hapa, upepo najaza kama kiangazi?
Fuata kibandiko dada yangu, ila pima tairi ikiwa ya baridi, asubuhi kabla hujaendesha. Joto la nje likishuka nyuzi 5 au 6 unapoteza kama psi 1, kwa hiyo uliojaza mwezi wa tisa, mwezi wa kumi na mbili haupo tena wote.