Hama Polepole: Mwongozo kwa Anayetaka Kufanya Kazi ya Mtandaoni Huku Akibadilisha Miji

Huu ni mwaka wa sita tangu niondoke Tanga na kompyuta, begi moja la nguo na mikataba miwili ya tafsiri kutoka kwa wateja wa Ulaya. Tangu hapo nimeishi Mombasa, Kigali, Kampala na kusini mwa Unguja, na kila nikirudi nyumbani hukutana na kijana mmoja au wawili wanaoniuliza namna ya kuanza maisha ya aina hii, ambayo siku hizi huitwa uhamaji wa kidijitali. Jibu langu la kwanza huwa lilelile: hama polepole. Kaa katika kila mji kwa muda usiopungua miezi mitatu, kwa sababu raha za maisha haya humfikia aliyetulia, na shida zake nyingi huzaliwa na haraka.

Wiki ya kwanza katika mji mgeni huisha ukitafuta mahali pa kununua maji, laini ya simu na chakula kisichokuumiza tumbo wala mfuko. Wiki ya pili unalipa deni la kazi uliyoiacha nyuma wiki ya kwanza. Ni katika wiki ya tatu ndipo unapoamka ukajua utakaa wapi, utakula nini na utaanza kazi saa ngapi. Anayehama kila baada ya siku kumi na nne haifikii wiki hiyo hata mara moja, na mteja wake ndiye wa kwanza kuligundua hilo.

Kabla ya safari, shughulikia hati. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, raia wa nchi mwanachama anaweza kupewa pasi ya mgeni ya hadi miezi sita katika nchi nyingine mwanachama. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamekuwa wakivuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014, ila Tanzania haimo katika mpango huo, kwa hiyo Mtanzania abebe pasipoti yake. Hata hivyo neno "hadi" lina uzito: ofisa anaweza kukugongea muhuri wa muda mfupi zaidi, basi usome muhuri huo kabla hujaondoka dirishani. Elewa pia kwamba pasi ya mgeni si kibali cha kazi. Kenya ilitangaza mwaka 2024 kibali cha daraja N kwa wanaofanya kazi kwa mbali na kulipwa kutoka nje ya nchi, lakini mahali pasipokuwa na utaratibu ulio wazi ni busara kuuliza ofisi ya uhamiaji yenyewe, na si jirani aliyekaa miaka miwili bila kuulizwa. Hesabu siku zako vilevile: Kenya na Tanzania humhesabu mtu kuwa mkaazi kwa ajili ya kodi ya mapato akifikisha siku 183 nchini katika mwaka, hata kama kila senti yake hutoka ng'ambo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibaki ndani ya pasipoti; chanjo huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchomwa, na tangu 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote.

Sasa nyumba, ambayo ndiyo iliyonifunza zaidi. Nilipofika Jambiani, kijiji cha kusini mwa Unguja, mara ya kwanza nilimwuliza mama mwenye nyumba kama mtandao upo, akanijibu kwa ukweli kabisa kwamba upo. Nikalipa kodi ya miezi mitatu. Kumbe ruta ilikuwa nyumba ya pili, kwenye dirisha la sebule ya mwanawe, na mimi niliupata mtandao huo nikikaa tu kwenye ngazi ya nje, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wa mawe. Kwa majuma mengi nilifanyia mikutano kwenye ngazi ile, huku watoto wakirudi madrasa na juzuu zao mikononi, wakiniamkia "shikamoo" mmoja baada ya mwingine, nami nikilazimika kuzima kipaza sauti kila mara ili niwaitikie. Mama yule hakunidanganya. Mimi ndiye niliyeuliza swali lisilo na mashiko. Kwa hiyo usiulize kama mtandao upo. Nenda na kompyuta yako, saa mbili usiku, wakati nyumba zote za mtaa ziko mtandaoni, kaa kwenye meza utakayoitumia, mpigie rafiki simu ya video ya dakika ishirini, kisha pima kasi ya kupakia, kwa kuwa ndiyo inayobeba sauti na sura yako kwenda kwa mteja. Megabiti 5 kwa sekunde zisizoyumba zinafaa kuliko 40 zinazokatika.

Mapatano ya kodi hutofautiana. Tanzania wenye nyumba wengi hudai miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Kenya ni kawaida zaidi kulipa mwezi wa kwanza pamoja na amana. Omba mkataba wa maandishi hata kwa chumba kimoja, na Tanzania uandikwe kwa shilingi, maana kanuni za Machi 2025 zimekataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni. Bei ya mwezi ikigawanywa kwa siku huwa chini sana ya bei ya kulala usiku mmoja mmoja, na hiyo ni faida nyingine ya kutohamahama ovyo.

Umeme na mtandao vitakatika. Unguja ilikaa bila umeme wa kutoka bara tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa hitilafu moja, kabla ya waya mpya wa chini ya bahari wa megawati 100 kuanza kutumika mwaka 2013. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mtandao za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na mtandao ukazorota kuanzia Dar es Salaam hadi Kigali. Serikali nazo zimewahi kuufunga wakati wa uchaguzi, Uganda mnamo Januari 2021 na Tanzania mnamo Oktoba 2025, kwa hiyo kalenda ya uchaguzi ya nchi unayokwenda ni sehemu ya mpango wako wa kazi kama ilivyo kalenda ya mvua. Nunua betri ndogo ya volti 12 ya kuendeshea ruta, uwe na laini mbili za mitandao tofauti, na faili za kazi ya juma zima ziwe ndani ya kompyuta. Mweleze mteja mapema, siku ambayo kila kitu kinafanya kazi, kwamba siku kama hizo hutokea na utafanya nini zikitokea. Maelezo hayohayo yakija baada ya kukosa mkutano huonekana kuwa visingizio. Laini ya nyumbani usiiache ifungwe, maana namba za uthibitisho za benki huja kwenye laini hiyo.

Kuhusu saa, Dar es Salaam iko mbele ya London kwa saa tatu majira ya baridi na mbili majira ya joto, na mbele ya New York kwa saa nane au saba. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza husubiri Jumapili ya mwisho, sisi hatusogezi kabisa, na Kigali iko nyuma ya Dar kwa saa moja mwaka mzima. Nilishapoteza mteja katika majuma hayo ya Machi, kwa kumsubiri saa nzima baada ya yeye kukata tamaa. Andika miadi kwa saa za mteja na zako, zote mbili, katika kila barua.

Jambo zito kuliko yote haya huwa halionekani kwenye picha za bahari na dafu. Nikiwa Kigali, simu iliita alfajiri: baba mdogo amefariki Tanga, maziko ni baada ya swala ya alasiri. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo asubuhi watu hutoka kufanya kazi za jamii, maduka hufungwa na magari huwa machache barabarani. Nilikaa chumbani nikisikia majembe nje, na nilipopata tiketi ya ndege, baba mdogo alikuwa ameshazikwa. Tangu siku ile nina akaunti ambayo siigusi kwa jambo lingine lolote: akiba ya nauli ya msiba, inayotosha tiketi ya haraka ya kwenda nyumbani na kurudi, pamoja na mchango wa kuweka mkononi. Ianzishe kabla hujanunua hata begi. Mchango wa arobaini na wa harusi utume kwa simu kwa wakati, lakini piga simu pia, uongee, kwa kuwa pesa peke yake hukugeuza benki ya ukoo.

Upweke wa kila siku nao una dawa yake, nayo ni kushika jembe mapema, kama mgeni wa siku ya tatu. Kigali nilianza kwenda kwenye umuganda. Mombasa nilijiunga na timu ya mpira wa jioni. Unguja, katika mwezi wa Ramadhani, nilijifunza kutokula hadharani mchana na kupeleka sahani ya tambi kwa jirani kabla ya magharibi. Kwenye ofisi za pamoja utapata wenzako wa kazi, lakini anayekuletea uji ukiugua malaria ni jirani. Bima ya afya ya nyumbani mara nyingi haivuki mpaka, hivyo kata ya safari.

Ukikaribia kuondoka, mpe mwenye nyumba taarifa mwezi mmoja kabla, piga picha za chumba na mita ya umeme, maliza deni la duka, kisha uage nyumba kwa nyumba. Jambiani nilirudi mwaka uliofuata kwa kupiga simu moja tu. Mama alinipokea na kunionyesha ukuta wa juu ya meza yangu, ambako mwanawe alikuwa ameihamishia ruta.