Prosesa Inapolemewa Bila Sababu: Namna ya Kutafuta Chanzo

Feni ya kompyuta ikivuma ilhali hujafungua programu yoyote, usikimbilie kufuta faili wala kusakinisha Windows upya kabla hujajua kazi inayoendelea ni ya nani.

Iwashe kompyuta, kisha iache kwa dakika kumi hivi, kwa kuwa masasisho na ukaguzi wa virusi hupenda kuanza wakati huo na kwa kawaida huisha vyenyewe. Mzigo usipopungua, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kazi zinazoendelea, halafu bofya CPU, yaani safu ya prosesa, ili michakato yenye matumizi makubwa ipande juu. Katika ukurasa wa Details, usishtushwe na System Idle Process yenye 95, kwani namba hiyo huonyesha nguvu isiyotumika.

Jina lililo juu mara nyingi si la mkosaji. Mchakato wa svchost.exe hubeba huduma za Windows, na ukiufunga kwa pupa unaweza kukata mtandao au sauti. Ubofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Go to service(s), nawe utaona huduma inayohusika. WmiPrvSE.exe nayo hujibu maswali ya programu nyingine, hivyo fungua Event Viewer, daftari la matukio ya Windows, tafuta kumbukumbu za WMI-Activity, kisha linganisha ClientProcessId, namba ya mchakato uliouliza, na safu ya PID (namba za michakato) katika Task Manager. Kwa Chrome kazi ni nyepesi: Shift na Esc huonyesha kichupo au kiendelezi kinachokula prosesa.

Mstari wa System interrupts katika Task Manager ukibaki juu kwa muda mrefu, shuku draiva (programu inayoendesha kifaa) au kifaa chenyewe, na uchomoe vifaa vya USB kimoja kimoja.

Mzigo unaotoweka kila ufunguapo Task Manager unastahili wasiwasi zaidi, maana baadhi ya programu haramu za kuchimba sarafu za kidijitali hujificha hivyo. Kagua mahali faili lilipo: svchost.exe halisi hukaa ndani ya C:\Windows, kwenye System32 au SysWOW64, si kwenye folda ya mtumiaji. Endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, ambao hufanyika kabla Windows haijapanda. Programu zinazojinadi kuongeza kasi ya kompyuta ziepuke. Nyingi huongeza mzigo uleule.

Chanzo kisipopatikana, fungua msconfig, zana ya Windows ya kuchagua huduma zinazoanza na kompyuta, ficha huduma za Microsoft, zima nusu ya zilizobaki, uwashe upya, kisha uendelee kugawanya nusu inayoshukiwa hadi ibaki huduma moja.