SOMO: Spageti ya haraka kwa vilivyomo kabatini

Wakuu, kila mara naulizwa inbox jambo lilelile: "mbona spageti yangu inagandana na mchuzi unabaki chini ya sahani?" Naandika hapa mara moja. Ni chakula cha watu wanne, kinaiva ndani ya nusu saa.

Mahitaji: spageti gramu 400, samaki wa kopo mmoja, nyanya ya pakiti ile nzito gramu 70, kitunguu maji, punje nne za kitunguu saumu, mafuta vijiko vitatu, chumvi, pilipili manga, ndimu.

1. Chemsha maji lita 4. Yakitokota, tia chumvi kijiko kimoja na nusu cha chakula.

2. Tumbukiza spageti, koroga mfululizo dakika mbili za mwanzo. Hapo ndipo hugandana.

3. Pembeni, kaanga kitunguu maji kilainike, kisha saumu. Ikianza kunukia tu, songa mbele; ikiungua inakuwa chungu.

4. Tia nyanya kwenye mafuta hayo, KABLA ya maji yoyote. Kaanga hadi wekundu ukolee na mafuta yaanze kujitenga. Ukiharakisha, ukali wa nyanya mbichi utausikia hadi tonge la mwisho.

5. Hapa ndipo wengi wanaharibu, someni polepole. Epua spageti dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, ikiwa bado ngumu kidogo katikati. Kabla ya kuchuja, chota vikombe viwili vya yale maji meupe uweke kando. Wanga uliomo ndio unaoshikamanisha mafuta na nyanya, mchuzi ukawa mzito na kuing'ang'ania spageti. USIISUUZE spageti kwa maji baridi, wanga wote utaondoka. USIMWAGE maji yote kwenye sinki ukasema utaongeza ya bomba, si kitu kimoja. Mimina spageti kwenye kikaango, tia kikombe kimoja cha yale maji, geuzageuza kwenye moto mkali dakika mbili. Ikikauka, ongeza.

6. Tia samaki, geuza taratibu wasisagike. Pilipili manga, ndimu, pakua.

MASWALI

— Mi huwa natia mafuta kwenye maji isigandane. Vipi hapo?
Acha. Mafuta yanaelea juu, spageti iko chini. Koroga.

— Nimefuata kila kitu, imekuwa uji.
Uliepua baada ya dakika ngapi?
— Kama 20 hivi, nilikuwa namwogesha mtoto.
Basi hukufuata hatua ya 5. Muda umeandikwa kwenye pakiti.

— Mkuu, niko Mbeya. Muda wa pakiti haunitoshi kabisa, tatizo nini?
Swali zuri sana hili. Kadiri unavyopanda juu, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, hupungua takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300. Mbeya ipo karibu mita 1,700, kwa hiyo maji yako yanatokota kwenye nyuzi kama 94, si 100. Kuongeza moto hakusaidii, gesi inaisha bure. Ongeza dakika mbili tatu na uonje. Maharage yanakusumbua kwa sababu hiyohiyo.

— Kweli kabisa, maharage huku ni vita! Na gesi ikiwa inaelekea kuisha?
Chemsha spageti dakika mbili ukikoroga, funika vizuri, zima. Iache muda uleule wa pakiti, kwako zidisha kidogo. Itaiva kwa joto la maji.

— Samaki wa nyanya au wa mafuta?
Wote sawa. Wa mafuta, yale mafuta yake kaangia kitunguu. Wa nyanya, punguza nyanya ya pakiti iwe nusu.

— Hiyo nusu inayobaki naihifadhije?
Hamishia kwenye kikopo chenye mfuniko, weka friza. Siku ya kupika rosti unakwangua unachohitaji.